Reli ya Baba na Kutu Yangu

Kiwanda cha korosho kilipofungwa, wenzangu waliingia kwenye biashara. Ilikuwa enzi ya ruksa, kila baraza pale Lindi lina meza ya mitumba. Mimi nilikaa uani nikijenga mji mdogo juu ya mlango mbovu. Mke wangu alikuwa akinipita na ndoo yake, ananitupia neno: "Wenzio wanawafungulia watu maduka, wewe unawafungulia sisimizi!"

Mji ule ulikuwa wa baba. Ujanani alikuwa mshika bendera kwenye stesheni ya Mtwara, wakati ile reli ya mradi wa karanga wa Waingereza bado ipo. Sasa alikuwa na presha ya macho. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki nacho kitakwenda. Baba hakulalamika. Alisema tu, "Ningeiona stesheni yangu mara moja, basi." Nami kwa mdomo wangu mwepesi nikamwambia nitamjengea.

Nilijenga mpaka mgongo ukawa si wangu. Reli nilizitoa kwenye spoku za baiskeli, mataruma ya kuzilazia kwenye njiti za makuti. Makopo yakawa mabohari na mtaa wa maduka. Treni niliichonga kwa mti wa mkorosho, ndani nikaitia betri na mota ya redio kaseti iliyokufa. Kisha nikataka mji ufanane na kweli. Reli yenyewe niliikuta imeshang'olewa; nilichokijua mimi ni tuta lililoota majani na vyuma vilivyoliwa na kutu, watu wamevifanya nguzo za uzio. Basi nikaziloweka spoku kwenye maji ya chumvi hadi zikageuka rangi ya udongo. Nikapaka masizi ya koroboi kwenye kuta. Mataruma na mabati niliyapaka mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi yanayounguza, na vidole vikanichubuka vyote. Nilipomaliza nilijiona fundi kwelikweli.

Baba wakati huo alikuwa akiona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Aliinama, akausogeza uso wake taratibu juu ya mji mzima, kutoka bandarini hadi stesheni. Nikangoja sifa.

"Nani kaichoma moto stesheni yangu?" akauliza.

"Hapana, baba. Ni uchakavu."

"Uchakavu gani, mwanangu? Reli yetu haikuwahi kuchakaa. Waliing'oa ingali mpya. Stesheni ilikuwa nyeupe pee, ukiegemea ukuta unaondoka na chokaa mgongoni." Akainua uso. "Futa hii."

Loo! Nilikasirika, sifichi. Nilitamani kuubeba mlango ule nikautupe jaani. Lakini nilipomtazama akipapasa kiti chake apate kukaa, hasira ikaniishia, ukabaki uchovu.

Nikasugua kwa msasa, kwa mafuta ya taa, kwa majivu na ndimu. Nani amewahi kufuta mafuta ya korosho? Ilinibidi ning'oe kila kitu nianze upya: spoku nyingine, makopo mengine, chokaa nyeupe mara mbili mbili. Nilifanya kazi hata siku za homa, maana nilimwona baba akianza kuikosa sahani ya wali iliyo mbele yake. Mke wangu aliacha utani. Alikuja akakaa, akashika brashi, akanisaidia kupaka stesheni.

Asubuhi tuliyomaliza tukautoa mji juani, tukamkalisha baba mbele yake. Nikaiwasha treni, nikawa bado nimeishika mkononi naifuta vumbi la chokaa, mota ikinguruma.

"Haaa!" baba akasema, uso umemkunjuka wote. "Hiyo sasa ndiyo yenyewe! Tazama inavyokata kona!"

Mke wangu alinitazama, akajifunika mdomo kwa kanga. Mimi nikaketi chini palepale. Kwa hiyo macho yalikwishakwenda, na stesheni aliyoiona ni ile moja tu, ile niliyoipaka masizi. Nilitaka kulia kwa sauti na sikuweza.

"Imefika wapi?" akauliza.

"Inaingia stesheni, baba," nikamwambia, treni ikitetemeka mkononi mwangu.

Akainua mkono wake wa kulia juu, akaushusha taratibu, kumpa dereva njia.