Wali Ulioshikana

Kaka yangu Shaabani akija likizo hapa Tabora huwapikia wanangu chakula cha kazini kwake. Akishamwaga siki juu ya wali wa moto, ile harufu ikapanda, mimi hutoka nje nikajifanya naanua nguo. Masikio yananiwaka. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto, lakini aibu ya siku ile bado inanijua kwa jina. Nitawasimulia, ila msinicheke sana.

Mama alikuwa mpishi wa shughuli pale Ipuli. Harusi, hitima, maulidi, akikaa yeye kwenye mafiga watu wanajua watakula. Na kwetu sifa ya mpishi iko kwenye wali: ukichota, punje zianguke moja moja. Ukishikana ndiyo bokoboko hiyo, na habari za bokoboko hufika Nzega kabla masufuria hayajaoshwa. Kaka alijifunza kwake, akipalia makaa juu ya mfuniko tangu hajaanza shule. Alipopata kazi jikoni Dar es Salaam, kwenye mgahawa mmoja wa Kijapani wa watu wenye nazo, Mama alitangaza mtaa mzima. Kaka akatualika tukale tumwone. Mimi nilikuwa na miaka saba.

Mama alivaa gauni lake la Idi, akajitia udi mpaka kwenye mtandio. Mle ndani taa zilikuwa hafifu, viti vizito, watu wanaongea kwa kunong'ona kama wako msibani. Wakatuletea vitambaa vyeupe vimeviringishwa, vinatoa mvuke. Nikajua chapati hizo, nikapeleka moja mdomoni. Mama akanifinya paja. Kumbe ni vya kufutia mikono!

Jiko lilikuwa wazi, nyuma ya kioo, na Kaka alikuwa humo na kofia yake nyeupe, anatutabasamia. Kisha kikaja chakula alichokitengeneza mwenyewe: vidonge vya wali, juu yake kipande cha samaki mbichi, na embe, na pilipili ya kwetu, eti Ujapani umechanganywa na Uswahili. Nikashika kidonge kimoja. Nikakitikisa. Hakikumeguka.

"Mama!" nikapayuka. "Wali wa Kaka bokoboko!"

Meza ya jirani wakacheka. Mama hakucheka. Uso ulimshuka.

"Nyamaza," alininong'oneza. "Kula. Usibakize hata punje, bosi wake asiuone."

Akaanza kula kwa haraka, samaki mbichi na vyote, yeye ambaye nyumbani akiona damu kwenye mfupa wa samaki hurudisha chunguni. Machozi ya pilipili yakamtoka. Alikuwa ameamini kwamba mwanawe ameharibu kazi, na kwamba kazi ile itapona tu sahani zikirudi tupu.

Hatukuwahi. Meneja, dada mmoja mrefu mwenye suti, akaja mezani akitabasamu. "Shikamoo mama. Chakula mmekionaje?"

Mama akasahau hata kuitikia marahaba. Akainuka, akakunja mikono kifuani, na kwa sauti ile ile aliyozoea kuitia watu kwenye shughuli akasema, "Mwanangu, nakuomba usimfukuze. Kosa si lake. Mimi ndiye niliyemfundisha kupika, na kipimo cha maji nilimfundisha vibaya. Kama ni kulaumu, nilaumu mimi."

Mtu mmoja akaangua kicheko, na wengine wakafuata. Meneja akamshika mkono. "Mama, wali wetu ndivyo unavyotakiwa, ushikane."

"Ahsante, mwanangu," Mama akajibu. "Mungu akuzidishie kwa kumsitiri."

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, basi nikateleza taratibu kwenye kiti mpaka chini ya meza, nikabaki naangalia viatu vya watu. Nikamwomba Mungu anipe mama mwingine, hata yule wa meza ya jirani. Kaka alimwinamia samaki wake, hakuinua kichwa.

Usiku ule akamwambia, "Mama, umenidhalilisha."

"Basi, baba," Mama akamjibu. "Yameshakwisha."

Mama alifariki kabla sijaolewa. Ni siku ya harusi yangu, tukichambua mchele, ndipo shangazi aliponiambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Kabla sijazaliwa, wali wa Mama ulishikana kwenye harusi kubwa. Msaidizi wake ndiye aliyeongeza maji bila kuuliza. Baba wa bibi harusi alipokuja kufoka, wale wanawake wote aliowafundisha na kuwalisha wakageuka kuosha vyombo visafi. Mama akasimama na sufuria peke yake. Alikaa muda mrefu haitwi na mtu.

Nilikua nikimsikia akisema, "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe." Nilidhani ni maneno tu ya watu wazima.

Nilipomsimulia Kaka, aliniuliza kama Mama aliwahi kutusema kwa watu. Nikamwambia hapana. Na sababu alikuwa nayo, maana siku ile mgahawani alisimama tena peke yake, akatetea wali usio na kosa, na wazaliwa wake tulikuwemo wawili. Mmoja ameinamia kisu, mwingine yuko chini ya meza.