Shemeji Aliyenishika Kichwa

Haya yamenipata mwenyewe, mchana kweupe, na bangi sijawahi kuvuta. Usipoamini, shauri yako.

Shamba langu la minazi lipo Ruaruke. Nimelipanda kwa mikono hii, shule niliishia darasa la tatu. Aliyekuwa akiniangulia nazi ni Mohamedi, mdogo wake mke wangu. Asubuhi moja akakaa chini ya mnazi, ameshika kichwa.

"Shemeji, nikitazama juu tu dunia inazunguka."

"Una mimba ya miezi mingapi?" nikamtania.

Wakwezi wenzake wakacheka. Akafunga kamba ya miguu, akapanda. Akaanguka, akafa palepale. Nyumbani nikasema ameteleza.

Mwaka haujaisha, kizunguzungu kikanishika mimi. Nikijigeuza kitandani upande wa kushoto, nyumba inazunguka. Nikisujudu, natapika. Wakasema jini. Nikachinja kuku, nikafukizwa ubani. Wapi!

Siku moja nipo shambani peke yangu, jua la saa saba, nikautazama mnazi ule hadi kileleni. Nikadondoka, siwezi kuinuka. Mara mikono miwili ikanikamata kichwa kwa nyuma. Ikanilaza chali, kichwa kikining'inia ukingoni mwa tuta. Ikakigeuza kushoto, ikangoja. Kulia, ikangoja. Ikanilaza ubavu wa kulia, kisha ikanikalisha. Dunia ikatulia. Viganja vilikuwa na sugu za mkwezi, baridi kama tope la kisimani.

"Ungenishika hivi, shemeji, nisingeanguka. Mwambie dada ulivyonijibu."

Nikageuka. Hakuna mtu. Ipo kamba ya miguu, ile niliyoichoma moto mwenyewe baada ya mazishi.

Sikumwambia dada yake. Ningeanzia wapi? Kizunguzungu kikarudi, nikaenda hospitali. Daktari, binti mdogo, akanilaza kichwa kikining'inia, akakigeuza kushoto, akangoja, kulia, akangoja. Vilevile. Niamini, nililia. Akasema ndani ya sikio mna chembechembe. Zikihama mahali pake, kichwa hudanganyika. Kazi yote haikufika dakika kumi.

Dakika kumi, na mimi nilimpa Mohamedi kicheko.

Jioni ile nikamwambia mke wangu lile neno la mimba. Hakulia. Alifunga nguo zake akaenda kwao Mtawanya, hajarudi mpaka leo. Na kizunguzungu nacho hurudi. Daktari alinionya kwamba chembe zinaweza kuhama tena. Kila nikigeuzwa kichwa pale hospitali, nahisi mikono minne.

Kwa hiyo wewe, kichwa kikizunguka usikimbilie kuku. Kapimwe, maana vyanzo ni vingi. Na mtu wako akikwambia kinamzunguka, usimtanie, mkalishe chini. Minazi yangu siku hizi haipandwi. Nazi zinaanguka zenyewe, na kila kikilia kishindo nakwenda kuangalia kama ni nazi kweli.