Kidole cha Verlene

Verlene Stucky alipima diodi, vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, kwa miaka kumi na tisa katika kiwanda chetu cha Phoenix, benchi lake ubavuni mwa langu. Nilimpenda, ila alinichosha kwa jambo moja: katika kupima joto aliamini kidole chake kuliko mita.

"Hicho kidole kina leseni?" nilikuwa nikimchokoza.

"Kina uzoefu, shoga. Wewe kaa na mita yako."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unaipitishia diodi umeme mwingi kwa sekunde moja, unaukata, kisha unapitisha mkondo mdogo sana na kusoma volti. Kila digrii ya joto huzishusha volti hizo kama milivolti mbili, kwa hiyo mita inakuambia hali ya ndani kabisa, mahali ambapo mkono haufiki. Lehemu ikiwa haikushika vizuri, joto hukosa njia ya kutokea. Ganda linabaki baridi huku ndani kunaungua.

Binti yake, Twyla, alikuwa nesi Anchorage, mbali kaskazini. Kila Ijumaa, saa ya chakula, alimpigia mama yake kwa simu yetu ya ukutani, karibu na mashine ya kahawa. "Salama tu, mwanangu," Verlene alijibu kila mara, kisha akarudi benchini asimalize hata mkate wake. Ijumaa moja Twyla aliuliza: asaini mkataba wa miaka miwili mingine, au arudi? Verlene akamwambia afanye apendavyo. Roho iliniuma.

Ijumaa iliyofuata, akisubiri simu, aliigusa diodi ya mwisho na kuitupa kwenye trei ya zilizo nzima. Nikaitoa, nikaipima upya. Volti zilianguka milivolti mia mbili arobaini.

"Digrii mia na ishirini juu ya joto la chumba, Verlene! Na wewe umeipitisha!"

Alicheka. Halafu akaitazama mita, kicheko kikamkauka. Simu ikalia, akaenda kuipokea.

"Mama, u mzima?" Sauti ya Twyla ilitufikia sote.

"Hapana," Verlene akasema. "Nina hamu nawe mpaka silali. Kitanda chako nakitandika kila Jumapili. Rudi, mwanangu."



"Mama, nimesaini asubuhi hii. Mbona hukuniambia?"

Verlene alirudi benchini, akaichukua ile diodi, akaifumbata kiganjani. Ilikuwa baridi.