Blanketi Chini ya Gomesi

Nakumbuka asubuhi niliyojishonea makalio. Cheka tu, mwanangu, hata mimi nacheka sasa. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi cherehani pale Mafubira, kaskazini ya mji wa Jinja, na sikuwa na hata chembe ya kicheko.

Nakusimulia kwa sababu siku hizi wako vijana wanaopasuliwa tumbo kwa hiari yao ili wapungue. Mmoja alinijia juzi. Amepungua kweli, amependeza, lakini analia. "Bibi," akaniambia, "nywele zinatoka, nasikia baridi mchana kutwa, na nikijitazama kwenye kioo namwona mgeni. Nilidhani nitafurahi. Mbona sifurahi?" Nikamwambia akae. Mimi sikupasuliwa kwa sababu ya unene, nilipasuliwa kwa vidonda vya tumbo. Lakini njia ile naijua, na mashimo yake nimeyaangukia yote.

Nilikuwa mnene tangu utotoni. Kushona hakunifundisha mtu. Nilichukua gomesi kuukuu la mama yangu, nikalifumua mshono mmoja baada ya mwingine, kisha nikalishona upya mpaka likakubali. Tabia ile ya kufumua haikuniacha. Nikimaliza nguo ya mteja, nalala nikiiwaza, asubuhi naifumua tena kwa kosa ambalo hakuna mtu angeliona. Daktari hakusema hivyo, lakini mimi naamini wasiwasi ule ndio ulionila tumbo. Nilianza kutapika damu, wakanipasua, wakakata sehemu ya tumbo na kuitupa. Daktari akaniambia maneno machache: kula kidogo kidogo, mara nyingi, uchunge vitu vitamu. Basi.

Mengine niliyagundua peke yangu. Mwezi wa tatu nywele zilianza kubaki kwenye kitana. Benchi la cherehani, nililolikalia miaka bila kulijua, likaanza kuniuma, maana sasa nilikalia mifupa. Ngozi ya mikono ililegea kama foronya iliyotolewa nusu ya pamba. Na nikinywa chai yenye sukari, haupiti muda moyo unakimbia, jasho linanitoka, miguu haina nguvu, mpaka nilale chini.

Hayo ni ya mwili. Ya moyo sikuwa na jina lake. Nililia kwa sababu ya tundu la kifungo. Nilikosa njaa, na kumbe njaa ilikuwa rafiki yangu, ndiyo iliyonikalisha na watu. Wanawake waliozoea kunitania sasa waliniambia "pole" kwa sauti ya matangani. Wanaume ambao hawajawahi kuniona, wakaanza kuniona, nami badala ya kufurahi nikawakasirikia. Walikuwa wapi miaka yote? Yale mazuri yalikuwepo pia, magoti yaliacha kuniuma, niliweza kutembea mpaka Wanyange kuangalia ziwa na kurudi kwa miguu. Lakini mtu mwenye wasiwasi hahesabu mazuri, mwanangu.

Na nilikuwa na sababu ya wasiwasi. Nilikuwa nimechumbiwa na Sulaimani, kijana wa Mbale aliyefanya kazi kwenye kinu cha pamba. Mama yake alikuja Jinja kuniona kabla sijaugua. Alinizunguka kama mtu anayechagua ng'ombe, akapiga makofi: "Huyu ameshiba! Nyumba yake haitalala njaa." Maneno yale ndiyo yaliyofunga uchumba wetu. Baadaye nilipopasuliwa, nilimwandikia Sulaimani kwamba niliumwa kidogo na sasa ni mzima. Unene sikuutaja. Miezi minane hatukuonana. Ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi, na safari hazikuwa za kufanya ovyo. Kisha ikaja barua: mama anataka nifike Mbale nimwone kabla ya kupanga siku ya ndoa.

Hapo ndipo nilipojishonea makalio. Unajua gomesi lilivyo, vazi refu la mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Ndani yake wanawake wetu hufunga kikoi ili nyonga zijae. Kila mtu hufunga, si siri wala si uongo. Lakini mimi kikoi hakikunitosha. Nilikuwa na vipimo vyangu vya zamani kwenye daftari la wateja, inchi kwa inchi. Nikakata blanketi, nikalishona tabaka kwa tabaka kwa mishono midogo midogo, mpaka utepe wa kupimia ukasema mimi ni yule yule. Nililifumua mara tatu kwa sababu upande wa kushoto ulizidi.

Shangazi yangu, ambaye kwa desturi zetu ndiye senga, mlezi wa msichana anayeolewa, alinitazama nikijizungusha mbele ya kioo.

"Na shingo je?" akauliza. "Shingo nayo umeishonea nini?"

"Senga, nitavaa mtandio."

"Haya. Mficha maradhi, kilio humfichua. Twende, treni haitungoji."

Tulifika Tororo mchana, pale tulipotakiwa kubadili treni ya kwenda Mbale. Tororo ni jirani na mpaka wa Kenya, na wakati ule sukari na sabuni zilikuwa zimepotea madukani. Zilipita kwa magendo, na wanawake wengi walizifunga mwilini, chini ya gomesi. Mimi, niliyekuwa hodari wa kuona kosa la uzi mmoja, sikuliwaza hilo hata kidogo.

Mwanajeshi aliyesimama mlangoni mwa stesheni aliniona kutoka mbali.

"Wewe mama! Kuja hapa. Uso ya kuku, makalio ya tembo! Wewe nabeba nini?"

Watu walitazama chini. Hakuna aliyecheka, maana mbele ya wanajeshi wale kicheko kilikuwa na gharama yake. Nikapelekwa chumba cha mizigo, kwa askari wa kike. Senga akabaki nje akisoma dua kwa sauti ya kusikika.

"Toa sukari," askari akasema.

"Sina sukari, afande."

"Sabuni?"

"Sina, afande."

"Sasa hii yote nini?"

"Ni mimi, afande."

Akanizunguka. "Wewe iko wapi hapa ndani?"

Akanifungua mwenyewe. Mshipi, gomesi, kikoi, kisha blanketi. Alilikunjua lote, akalipapasa kila tabaka akitafuta sabuni au sukari. Hakupata. Alipapasa mishono kwa kidole gumba. "Nani nashona?" Nikamwambia ni mimi. "Kazi muzuri," akasema, kama mteja. Halafu akaliona kovu langu, lililoshuka kutoka kifuani mpaka kitovuni, na sauti yake ikabadilika. Akatazama mlangoni kwanza, ndipo akasema polepole: "Mama, watu yote sasa nakonda. Wewe naona haya ya nini? Vaa. Enda."

Ungedhani nimejifunza. La! Tulipoteremka Mbale niliingia chooni pale stesheni nikajifunga blanketi upya, tena kwa uangalifu zaidi. Senga alisimama mlangoni akinishikia mtandio. "Mungu akupe akili," akasema, "maana kitambaa unacho cha kutosha."

Mama Sulaimani aliishi karibu na viwanda, katika nyumba za wafanyakazi, na mtaa ule ulinuka mbegu za pamba. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho yasiyopepesa. Alinipokea, akanishika mikono, akaitazama mikono ile muda mrefu kuliko kawaida. Aliingia ndani, nikasikia kufuli la sanduku likifunguliwa. Akarudi na kopo dogo lililofungwa kwa kitambaa. Sukari.

Elewa, mwanangu, sukari wakati ule haikuwa kitu cha kumpa kila mgeni. Alikuwa ameihifadhi kwa ajili yangu. Akatia kijiko, akatia cha pili, akatia cha tatu, na cha nne akakijaza kichuguu.

Senga akakohoa. "Mama, huyu binti chai tamu..."

"Naipenda sana," nikadakia. Na nikanywa. Nikanywa mpaka chini, kwa sababu kwetu kurudisha kikombe cha mkwe ni kumtukana, na kwa sababu mtu mnene hakatai sukari.

Kwanza masikio yalivuma. Kisha moyo ukaanza mbio, jasho likanilowesha ndani ya blanketi lile kana kwamba nimetumbukizwa mtoni. Nilijaribu kusimama ili nitoke nje. Mkeka ulinijia usoni.

Nilipozinduka, Mama Sulaimani alikuwa amenifungua nguo ili nipate hewa. Blanketi lilikuwa mapajani mwake, limelowa. Senga alikuwa ameshamweleza yote, hospitali, vidonda, miezi minane. Nilifumba macho nikingoja kuambiwa nirudi kwetu.

"Fumbua macho," akasema. "Ulijua chai ile itakuangusha?"

"Nilijua, mama."

"Ukainywa?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo ulitaka nimuue mkwe wangu kwa sukari yangu mwenyewe? Majirani waseme nini? Mimi nilimwomba Mungu binti. Sikumwomba blanketi!"

Senga akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi nikaanza kulia. Nikamwambia nilivyoogopa, kwamba alinipenda kwa shibe yangu, na shibe imekwisha.

Hakukimbilia kunibembeleza, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Alilikunja blanketi kwanza. "Sitakudanganya," akasema. "Nilipenda unene wako. Nilikuwa na binti, dada yake Sulaimani. Alikonda mbele ya macho yangu, kila siku akisema mama mimi ni mzima, na alikuwa akimwagia mbwa chakula nisijue. Tukamzika. Basi nikimwona msichana mnene, moyo wangu unatulia. Sasa wewe umekonda, na umenificha vilevile kama yeye. Kukonda kwako hakuniogopeshi. Kuficha ndiko kunakoniogopesha. Mtu akinificha, nitampikia nini?"

Kisha akauliza swali ambalo tangu nipasuliwe hakuna aliyewahi kuniuliza: "Tumbo lako linataka nini?"

Nikamweleza. Kidogo kidogo, mara nyingi, bila sukari, na maji nisinywe pamoja na chakula. Alisikiliza kama mtu anayepokea vipimo vya nguo. Akaenda jikoni akarudi na malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kwao mlimani, yaliyopikwa kwa karanga, akayapakua kwenye kisosi cha kikombe pamoja na kipande cha ndizi kisichozidi vidole viwili. Senga akapewa sahani kamili. Nilikitazama kisosi nikaona haya.

"Kula," akasema. "Maji ya kifuu, bahari ya chungu."

Nikala, nikashiba. Baada ya saa mbili akaleta kisosi kingine.

Jioni Sulaimani alirudi kutoka kinuni na nyuzi za pamba kichwani. Alimwamkia Senga, akanipa mkono, akasema, "Karibu, dada," akaenda kunawa. Hakunitambua. Nilihisi kama nimekatwa mara ya pili. Kisha mama yake akanitania kitu kuhusu blanketi, nikacheka, na kule nje maji yakaacha kumwagika. Akarudi mlangoni, uso una povu la sabuni kidogo aliyokuwa nayo.

"Hicho kicheko nakijua," akasema. Akanitazama sana. "Fundi, itabidi nikuzoee upya. Nipe muda."

Wengine wangetaka aseme sikubadilika. Mimi nilifurahi hakusema hivyo, maana nilikuwa nimebadilika, na yeye peke yake ndiye aliyenipa ruhusa ya kubadilika. "Hata mimi bado najizoea," nikamjibu. Tulioana mvua zilipokwisha. Gomesi la harusi nilishona kwa vipimo vipya, na ndani yake kikoi kimoja tu, kama wanawake wote. Nywele zilirudi, nyembamba kidogo. Ngozi ya mikono haikurudi, nimezeeka nayo hivyo hivyo. Nimezaa, nimelea, na mpaka leo nakula kwa kisosi, na nyumba yetu haijalala njaa.

Sasa sikia, mwanangu. Ukipasuliwa, daktari atakushona ngozi, lakini wewe mzima utachelewa kuungana. Mwili utafanya mambo usiyoyatarajia, na moyo utayafanya zaidi. Utaulilia mwili uliokuwa unaukimbia. Usijione mjinga, umeishi nao miaka mingi, na mwenzako akiondoka hata kama alikuelemea lazima umlilie. Yale ya nywele na moyo kwenda mbio mpelekee daktari, usiyanyamazie ukidhani ni yako peke yako. Na wale wanaokupikia, waambie tumbo lako linataka nini. Usinywe kikombe kitakachokuangusha kwa kuona haya, kwa sababu aliyekitengeneza kwa mapenzi ndiye atakayeumia kuliko wote ukianguka. Wape watu muda wa kukuzoea, nawe ujipe zaidi ya huo. Kosa dogo likiachwa kwenye mshono nguo huvalika. Mtu anayejifumua kila asubuhi hatavalika kamwe.

Mungu akupe mwili utakaokaa nao kwa amani, na moyo usiokikimbia kioo. Akupe mezani mtu wa kukuuliza unataka nini, na akupe ulimi wa kumjibu kweli. Kidogo ukilacho kikutoshe, kikae tumboni, kikupe nguvu. Amina, mwanangu. Haya, kale.