Majani ya Zaituni Dirishani

Enzi zetu pale Ujiji, ukimtafuta mtoto jioni ulikwenda ziwani. Tulicheza rede mpaka vumbi likatujaa puani, tukajitosa majini na nguo zetu, tukarudi nyumbani tukinuka dagaa wanaoanikwa mchangani. Ugali wa muhogo ulitungoja, na samaki wa ziwani, migebuka, kwa mawese. "Ninyi na nguo kavu hamjuani," Mama alikuwa akisema. Watoto wa leo wakikanyaga tope kidogo wanaulizia sabuni.

Dada yangu Zaituni hakucheza. Moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu kuzaliwa, na akitembea hadi bombani midomo ilibadilika rangi. Alishinda kitandani karibu na dirisha, akitusikiliza tunavyopita.

Baba alikuwa mpiga mbizi. Aliwakamata samaki wa mapambo, wale wadogo wenye mistari, kwa mfanyabiashara aliyewasafirisha nje. Siku moja alirudi na tangi la kioo lenye ufa pembeni, akaliziba kwa gundi, akaliweka chini ya dirisha lile pamoja na samaki wachache. "Hawa ni wako," alimwambia Zaituni. "Wachunge."

Samaki walijibanza kona moja. Zaituni aliwatazama kutwa nzima, kisha akasema, "Baba, wanaogopa. Nyuma yao kuna ukuta mtupu. Waletee majani."

Baba akaleta yale majani marefu, membamba kama utepe, yanayoota ufukweni penye kina kifupi. Zaituni aliyapanda mwenyewe, mkono umezama hadi kiwiko, mimi nikimpokeza miche. "Mizizi ifukie, shingo iache wazi," alinifundisha. "Ukifukia shingo, linaoza."

Siku chache baadaye yakalainika, yakaanza kuyeyuka. Mama alitaka kuyatupa.

"Mizizi bado mizima, Mama," Zaituni alisema. "Yamehamishwa kutoka kwao, yape muda."

Kweli yakachipua. Hayakudai mbolea wala taa. Jua la dirishani liliyatosha, na maji ya ziwa tuliyoyachota kwa ndoo kila wiki. Kila mche ulitambaza kikonyo juu ya mchanga na kuzaa mwenzake, mpaka nyuma ya tangi pakawa kijani na samaki wakatoka kujitembeza. Bibi, aliyekuwa ameshuka kutoka Kalinzi, aliwasalimia kila asubuhi kwa Kiha, "Mwakeye," na kusubiri kidogo kama atajibiwa. Zaituni alicheka mpaka pumzi ikamkatika, nasi tukaacha kucheka.

Daktari akasema apelekwe Dar es Salaam. Baba akaondoka naye kwa treni. Pale stesheni Zaituni aliniita kwenye dirisha la behewa. "Yakizidi yapunguze," alisema, "samaki wapate pa kupita."

Alinipigia kwa simu ya Baba mara moja. "Yamefika juu?"

"Yamefika, dada. Sasa yamelala juu ya maji."

Nilimsikia akihema. "Natamani kuyaona," alisema.

Hakuyaona. Walimzika huko huko, na Baba akarudi peke yake na mfuko wa nguo za Zaituni. Mama alichukua kanga akalifunika tangi, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Msiba ulipokwisha na wageni wakaondoka, majani yalikuwa yamepauka. Baba akaanza kuyang'oa. Ndipo Mama alipoinuka jamvini, akamshika mkono.

"Yaache," alisema. "Aliyapanda mwenyewe."

Tangu siku hiyo Mama ndiye aliyechota maji. Aliyatunza miaka mingi, mpaka ule ufa wa kioo ukawa hauzibiki tena. Baba akawarudisha samaki na majani ziwani, na Mama hakwenda kutazama. Wote wawili wametangulia. Ziwa nalo limepanda, limefunika ule mchanga tuliochezea, hata sijui pa kumwonyesha mtu.

Sasa naishi Mwandiga. Mwaka huu binti yangu alijinunulia tangi dogo, nyuma akapanga majani ya plastiki, ya kijani kuliko majani yoyote niliyowahi kuona. Alinionyesha kwanza kwenye simu, ndipo akaniita nije nione lenyewe.

"Haya hayana usumbufu, Mama. Hayaozi wala hayafi."

Nilimwambia yamependeza. Kisha nikatoka nikakaa barazani, kwa kuwa sikujua nianzie wapi kumsimulia habari za mama yake mkubwa, ambaye hakuwahi kumwona, na ambaye leo hakuna mwingine aliyebaki wa kumkumbuka pamoja nami.