Mtandio wa Kupeleka Fez

Sipendi kubebeshwa mizigo ya watu. Lakini jirani yangu wa ofisini hapa Guangzhou, mtu wa Moroko, aliposikia naenda kutembelea miji ya kale ya kwao, alining'ang'ania nimpelekee mama yake mtandio. Kila jioni namsikia akiongea naye kwa simu.

Huko Fez nilizunguka vichochoro mpaka miguu ikawaka moto. Nikagonga mlango, kimya. Muuza viungo wa pembeni akaniambia bibi huyo alizikwa mwaka jana, na mwanawe wa China alipewa habari.

Nilirudi nimefura kwa hasira, mtandio mkobani. Nikamkuta anacheka kwenye simu. Akaninyooshea.

"Msalimie mama. Anasema alikuona ukigonga, ila hakuweza kufungua."