Wifi Pelagia, Kimbunga na Watani wa Mafia

Pelagia Raymundi Shilinde, wa Chemchem, Tabora mjini. Babu yake Shilinde alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa hadi pwani, akarudi na kaniki mbili na kikohozi. Baba yake Raymundi alikaza mataruma ya reli ya Urambo mpaka viganja vikawa kama kwato. Yeye mwenyewe alipika uji wa shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na haukuungua ila siku moja tu, na siku hiyo mkorogaji nilikuwa mimi, wifi yake.

Lakini kilichompa jina ni kipimamvua. Kilisimama nyuma ya jiko la shule. Mwalimu aliyekabidhiwa alichoka kulowa viatu, akamwachia mpishi. Kila siku saa tatu asubuhi Pelagia alisoma maji, akaandika kwenye daftari. Bwana wa hali ya hewa aliyekuja kuchukua hesabu za mvua alimfundisha pepo na mawingu kwa kumwonyesha sufuria yake mwenyewe ya uji. Darasa la saba tulimaliza pamoja, ila mwenzangu aliendelea na masomo jikoni.

Mwaka juzi, mwezi wa tano, mjukuu wake Adriano alikuwa anaoa. Mchumba, Najiat, ni Mzaramo wa kisiwani Mafia. Ndoa ya bomani, Jumamosi. Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara, basi kutoka uchumba mpaka mahari ilikuwa kicheko tu. Pombe ya mtama ilikwisha kuiva, na pombe ya mtama haimngoji mtu.

Alhamisi asubuhi, tumejaa ukumbini kwa Pelagia kwa maandalizi, akapiga simu mzee Fikiri, baba wa Najiat; Wilbroad akaifungulia sauti wote tusikie. "Watani, kuna kimbunga baharini. Boti zimezuiwa."

Mume wangu Wilbroad, ndugu yake Pelagia, akadakia. "Kimbunga! Semeni mmeogopa safari. Babu zenu nao walikuwa hivyohivyo, mzigo wakatuachia sisi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Neno likamchoma mzee Fikiri. "Nani mwoga? Nimepata nahodha wa mashua ndogo, tumeshapanda. Leo leo tunavuka!"

Kicheko kiliendelea. Nani aamini neno la mtani? Pelagia peke yake hakucheka. Alimnyang'anya Wilbroad simu.

"Mtani, bahari ikoje?"

"Upepo hakuna. Ila mawimbi marefu marefu, yanakuja polepole."

"Hayo ni matarishi ya kimbunga, yametangulia kuleta habari. Teremkeni."

"Mumeo mdogo ameniita mwoga." Kwa utani alimaanisha Wilbroad, kaka yake Pelagia.

"Nisikilize. Mkifa, mimi mtani wenu nina haki ya kuja msibani nijilaze kaburini, nisitoke mpaka nilipwe. Sasa mkifia baharini, kaburi liko wapi? Nitajilaza wapi mimi, Fikiri? Unataka kunidhulumu haki yangu?"

Tukasikia mzee anacheka mpaka anakohoa. "Haya, mwanamke wa chuma. Tunateremka."

"Msikae ufukweni, maji yatapanda. Nendeni kwenye ile shule ya mawe mliyotusimulia, huko juu, na maji ya kunywa mbebe."

Hapo zogo likahamia kwake. Anga ya Tabora ilikuwa buluu tupu! Wilbroad akasema dada yake amevunja harusi kwa wingu lisiloonekana. Pelagia akabandika sufuria ya maji.

"Bahari ikipashwa na jua wiki nyingi, mvuke unapanda, hivi. Ukipanda, hewa ya pembeni inakimbilia pengo, nayo inapanda. Juu huko mvuke unageuka wingu na kutoa joto, joto linavuta mwingine. Na kwa kuwa dunia yazunguka, hewa hiyo haiji moja kwa moja, inapinda." Akakoroga kwa mwiko kufuata mishale ya saa. "Upande wetu huu wa kusini, kinazunguka hivi."

"Na kikija hapa?" nikauliza.

"Chakula chake ni maji ya moto ya bahari. Nchi kavu kinakufa njaa, Tabora hakifiki. Mbona mawingu hatuna? Kimeyavuta yetu yote."

Jumamosi pombe ikanywewa, ingefanyaje? Mimi niliketishwa kiti cha bibi harusi, na miaka yangu sabini, Adriano akanilisha keki huku Wilbroad akidai mahari irudi. Tukiwa katika ngoma, simu ikalia.

"Mtani, kimepita!" mzee Fikiri alipaza sauti. "Kimya kabisa, jua latoka. Bati la shule limeanguka nje, tunakwenda kuliokota."

Pelagia akaruka kama binti wa miaka kumi. "Usitoke! Hilo ni jicho lake, mpo katikati! Upepo unarudi kutoka upande mwingine. Funga mlango!"

Simu ikakatika. Ngoma ikakatika. Wilbroad alikaa chini, akavua kofia, wala hakutania tena siku mbili nzima.

Jumatatu akapiga Najiat. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba! Mko wangapi?"

"Wote, bibi. Lile bati limepatikana limeukata mgomba. Ile mashua iko juu ya mkorosho. Baba anauliza, nahodha akipandia mkorosho bado ni nahodha?"

Tulipiga vigelegele mpaka mtaa wa Mtendeni wakasikia.

Wiki ya pili walikuja, tukapika pombe nyingine. Asubuhi baada ya ndoa, Pelagia alimshika Najiat mkono, wakafuatana hadi nyuma ya jiko la shule, mimi nikiwafuata. Alimpa daftari na kalamu iliyofungwa kamba.

"Mimi magoti yamekataa, na wewe umeshaona jicho, mimi nimelisikia tu. Saa tatu kamili. Hata kama hakuna tone, unaandika sifuri."

Najiat akachungulia kipimamvua. "Bibi, humu mna chura."

"Mtoe, halafu andika."